Bao nne Dar, bao tano Zambia

Wadau, juzi hapa Iyunga, karibu na stesheni ya TAZARA, nilikuta vijana wanabishana kwenye kibanda umiza. Mmoja anaapa hakuna timu iliyowahi kupindua matokeo kama Barcelona mwaka 2017: ilipigwa 4-0 na PSG kule Paris, ikarudi kwao ikashinda 6-1. Nikacheka. Mbona sisi tulishafanya makubwa zaidi?

Mwaka 1979, Klabu Bingwa Afrika, Simba ilifungwa 4-0 na Mufulira Wanderers ya Zambia. Tena nyumbani, Dar es Salaam! Barcelona angalau walirudiana kwao. Simba ilibidi wawafuate Wazambia kulekule kwao, mashabiki wao wakiwa wameshahesabu ushindi. Wakashinda 5-0: Thuwein Ally matatu, George Kulagwa mawili. Jumla 5-4. (Raundi iliyofuata Racca Rovers ya Nigeria ikawatoa, lakini hiyo tuiache.)

Enzi hizo Tanzania Bara haina televisheni, kwa hiyo sikuwa na mkanda wa kumwonyesha kijana wangu. Nikamtajia majina mawili tu. Kulagwa hamjui. Thuwein hamjui. Neymar anamjua mpaka mikato ya nywele.

Na mimi ni Yanga, jamani.