Klarineti Nzito: Mdomo wa Mti ao wa Chuma?

Saksofoni tunaijua wote. Verckys aliipiga katika OK Jazz miaka ya 1960. Lakini dada yake mkubwa ni klarineti nzito, ambayo Adolphe Sax, mzaliwa wa Dinant kule Ubelgiji, aliiandikishia haki Brussels mwaka wa 1838. Saksofoni ilifuata, Paris, mwaka wa 1846.

Mwili wa klarineti hiyo ni mti. Mdomo wake mpana wa chini ulipata kuwa wa mti vilevile; leo kwa kawaida ni wa chuma. Sababu? Chuma kinapindika: mdomo unageuka juu, na sauti inaelekea wasikilizaji.

Wapigaji wengine wanasema mti njo unatoa utamu. Tuangalie vizuri. Matundu yakiwa wazi, sauti inatokea humo. Mdomo unafanya kazi zaidi kwa noti za chini kabisa. Tena umbo la ndani linapita kitu chenyewe. Saksofoni ni ya shaba na zinki, nani anasema haina utamu?

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, tusikatae ala eti kwa sababu ina chuma. Likembe yetu ni vyuma juu ya mti, na ni ya mila kabisa.