Mashua Nyembamba na Upana Alioacha Brindley

Anayetaka kuundiwa mashua nyembamba ya kuishi kwenye mifereji ya Uingereza huchagua jiko, kitanda na rangi aipendayo. Upana hachagui. Huo uliamuliwa na James Brindley, fundi wa vinu aliyegeuka mchimba mifereji, ambaye alifariki mwaka 1772.

Sifa zake zilianzia Mfereji wa Bridgewater, uliofunguliwa mwaka 1761 kupeleka makaa ya mawe kutoka Worsley hadi Manchester. Bei ya makaa mjini ilishuka karibu nusu, na wenye fedha wakataka mifereji kila upande. Ule wa Trent na Mersey, aliousanifu Brindley na uliokamilika mwaka 1777, ulilazimika kuvuka vilima. Mashua zilipandishwa kwa vyumba vya mawe vyenye malango mbele na nyuma: mashua huingia, malango hufungwa, maji hujazwa, nayo huinuka. Chumba kipana hutumia maji mengi kila kinapojazwa, na handaki pana humaliza fedha. Basi Brindley akakata shauri: upana futi 7, yaani mita 2.1 hivi. Mashua zikaundwa nyembamba, zenye urefu wa mita 21, farasi mmoja akivuta tani 25 za shehena. Katika handaki lake la Harecastle, kwenye mfereji huo, farasi hakuwa na njia ya kupita, kwa hiyo watu walilala chali na kuisukuma mashua kwa kukanyaga kuta, kilomita mbili na nusu na zaidi gizani.

Reli zilipoenea karne ya 19, malipo ya shehena yalianguka. Wenye mashua wengi wakashindwa kulipa kodi ya nyumba na pia mshahara wa msaidizi, wakahamia majini na wake na watoto. Chumba chao kilikuwa nyuma ya mashua, urefu wa mita tatu, upana wa mbili. Ukiingia, jiko la makaa liko kushoto. Linalofuata ni kabati ambalo mlango wake ukishushwa huwa meza ya chakula. Mbele kabisa, ubao ulikunjuliwa kutoka ukutani usiku ukawa kitanda cha baba na mama. Watoto walilala kwenye benchi la kulia. Kila ubao ulichorwa mawaridi na makasri, na shaba ikasuguliwa mpaka ing'ae. Ufundi huo unastahili heshima, lakini ulizaliwa na dhiki. Sheria ya mwaka 1877 ndiyo iliyoamuru mashua ziandikishwe na kuweka idadi ya watu wanaoruhusiwa kulala chumbani.

Mwaka 1939, mhandisi L.T.C. Rolt aliitengeneza upya mashua ya mbao iliyoitwa Cressy katika karakana ya Tooley, mjini Banbury, na kuiwekea hata bafu. Kitabu chake, Narrow Boat, kilitoka mwaka 1944. Miaka miwili baadaye yeye na Robert Aickman wakashiriki kuanzisha chama cha kutetea mifereji iliyokuwa ikiachwa ijae matope. Baridi kali ya 1962 na 1963 iligandisha maji kwa wiki nyingi na karibu ikaua biashara ya uchukuzi. Mashua ikabaki kuwa makazi.

Siku hizi gamba ni la chuma: kwa kawaida milimita 10 chini, 6 ubavuni, 4 juu ya paa. Mafundi hupanga matofali au vipande vya zege chini ya sakafu ili mashua ikae sawa majini, kisha hupuliza povu kwenye kuta kuzuia baridi na unyevu. Chini hupakwa lami, na kazi hiyo hurudiwa kila baada ya miaka miwili au mitatu. Kuna paneli za jua na betri, lakini jiko la kuni na makaa bado lipo, na ndilo la kuangaliwa kwanza. Katika chumba chembamba kiasi hicho, hewa ya sumu inayotoka humo huweza kuua watu usingizini. Matundu ya hewa yasizibwe kamwe kwa ajili ya joto, na kifaa cha kutambua hewa ya sumu kiwekwe kabla ya pazia la kwanza kutundikwa.

Anayepanga kujenga, kabla ya kuchora lolote, aende makumbusho ya mifereji ya Stoke Bruerne au Ellesmere Port akachunguze vyumba vile vya zamani. Hakuna mchoro wa kisasa unaofundisha vizuri zaidi namna ya kuishi katika mita mbili.