NAHAU ZA KIINGEREZA NA MAANA ZAKE: USITAFSIRI NENO KWA NENO!

Leo tuongelee kitu kinachotutesa wengi tuliopita shule za kata, yaani nahau za Kiingereza. Tangu 1967 shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, halafu ukiingia kidato cha kwanza karibu kila somo ni Kiingereza. Huku kwetu Kighare wadogo zangu wa sekondari huwa wananiletea madaftari, na shida ni ile ile: kila neno wanalijua ila sentensi haileti maana.

Nahau ni maneno yanayotembea pamoja, na maana yake huipati kwa kujumlisha neno moja moja. Hata sisi tunazo. "Amevaa miwani" ni amelewa, "mkono wa birika" ni mchoyo. Sasa mtafsirie Mzungu kwamba jirani yako ni mkono wa birika uone kama atakuelewa! Na za kwao ni hivyo hivyo:

1. "Piece of cake" – kitu rahisi. Sisi tunasema mteremko, na watu wa milimani tunajua raha ya mteremko.

2. "Cost an arm and a leg" – ghali mno, bei ya kuruka. Hakuna aliyekatwa mkono wala mguu.

3. "Let the cat out of the bag" – kutoa siri. Inakaribiana na kumwaga mtama kwenye kuku wengi.

4. "Once in a blue moon" – kwa nadra sana. Mwezi huo ni mwezi mpevu wa pili ndani ya mwezi mmoja wa kalenda, hutokea kama kila miaka miwili na nusu.

5. "Pull someone's leg" – kumtania mtu. Siyo kumvuta mguu!

6. "Give me a hand" – nisaidie. Hii ni hatari, maana kwetu kumpa mtu mkono ni kumsalimia au kumpa pole.

7. "Raining cats and dogs" – mvua kubwa. Shuleni inafundishwa sana, ila Waingereza wa leo hawaisemi sana. Sema tu "it's pouring".

8. "Kick the bucket" – kufa, lakini kwa utani, kama kukata kamba. Usije ukaiandika kwenye rambirambi, utagombana na wafiwa. Andika "passed away".

Kuna nyingine zimeshahamia kwetu. "Kuua ndege wawili kwa jiwe moja" kila mtu anaielewa. Ila "mwisho wa siku", ambayo kwa Kiingereza ni "at the end of the day", maana yake hatimaye. Mwambie kibarua wako mzee "mwisho wa siku utapata hela yako" uone, jioni atakuja kukaa barazani kwako anaisubiri. Na ana haki!

La mwisho, nahau haibadilishwi. Ukisema "the bucket was kicked", basi ndoo imepigwa teke kweli. Na kwenye barua ya kuomba kazi andika Kiingereza cha kawaida, bosi anataka kukuelewa.

Kama kuna nyingine inakusumbua iweke hapo chini tusaidiane. Naomba kuwasilisha.