Mtulinga Uliovunjika: Kisu au Kitambaa?

Ni nani katika milima yetu ya Buleusa asiyepata kumwona kijana aliyevunjika mtulinga? Aanguka na pikipiki penye utelezi, au juu ya mti, au katika kiwanja cha mpira. Aangukia bega, na mara mfupa ule mwembamba ulio kati ya kifua na bega wakatika. Wazazi waona ncha ya mfupa imeinuka chini ya ngozi, nao washikwa na hofu. Mmoja asema: “Twende kwa fundi wa kuunga mifupa.” Mwingine asema: “Tuuze mbuzi, tuuze na shamba, tumpeleke Goma akapasuliwe.” Yupi asemaye vema? Tuulize kwanza historia.

Habari hii ni ya kale sana. Huko Misri ilipatikana hati ya mafunjo iitwayo ya Edwin Smith, iliyonakiliwa yapata mwaka 1600 kabla ya Kristo kutoka maandiko ya zamani zaidi. Humo mganga afundishwa kumlaza mgonjwa chali, kumwekea kitu kilichokunjwa kati ya mabega, kuyatanua mabega hata mfupa urudi mahali pake, kisha kumfunga kwa kitani na kumtia asali. Baadaye Wayunani wa shule ya Hippocrates waliandika kwamba mfupa huu huunga upesi, ila kuunyosha kabisa ni kazi ngumu.

Karne nyingi zikapita katika njia hiyo. Watu waliogopa kisu, na haki yao, maana maumivu na usaha viliwaua wengi. Lakini mwaka 1846 dawa ya usingizi ilijulikana mbele ya watu wote huko Boston; mwaka 1867 Lister alieleza namna ya kuzuia usaha; na mwaka 1895 Röntgen aligundua mionzi ionyeshayo mifupa. Basi mlango ulifunguka. Mwanzoni mwa karne ya 20, Albin Lambotte wa Antwerpen, Ubelgiji, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuunga mifupa kwa mabamba ya chuma na skrubu. Mwaka 1958 wapasuaji wa Uswisi waliunda chama cha kuiendeleza kazi hiyo.

Hata hivyo, mtulinga uliachwa ujiponye. Mwaka 1960 mganga Mwamerika Charles Neer alitoa hesabu yake: kati ya wagonjwa 2235 waliotibiwa pasipo kupasuliwa, ni 3 tu ambao mfupa haukuunga. Lakini mwaka 2007 waganga wa Kanada walilinganisha watu wazima 132 ambao mifupa yao ilikuwa imeachana kabisa. Waliopasuliwa walipona vizuri zaidi. Tangu hapo wapasuaji wengi wakaanza kuwapasua hata vijana.

Je, walifanya vema? Kijana si mzee mdogo. Ngozi iuvikayo mfupa wake ni nene na yenye nguvu, na mtulinga wenyewe huendelea kukua hata baada ya miaka 20. Uchunguzi mkubwa wa Marekani juu ya vijana wa miaka 10 hadi 18, uliotolewa mwaka 2022, ulionyesha kwamba baada ya miaka miwili waliopasuliwa hawakuwapita wenzao waliofungwa kitambaa tu. Na bamba lina taabu zake: kovu, ganzi ya ngozi, na mara nyingine kupasuliwa tena ili kulitoa.

Basi wazazi wafanyeje? Kwanza, mwana apelekwe kituo cha afya, asikandwe wala kuvutwa. Mkono utegemezwe kwa kitambaa shingoni kwa majuma matatu au zaidi, kadiri ya mganga. Wengine hufunga mabega yote mawili kwa nyuma; lakini uchunguzi wa Denmark wa mwaka 1987 ulionyesha kwamba kitambaa cha kawaida chatosha, nacho hakimsumbui mgonjwa. Mpira na mizigo vingoje hata mfupa ukaze.

Lakini zipo dalili zisizongoja: mfupa uliotoboa ngozi au unaokaribia kuitoboa, mkono wenye baridi au ganzi, kupumua au kumeza kwa shida. Hapo msikawie. Huko Goma, hospitali ya HEAL Africa ilianzishwa na Daktari Jo Lusi, mpasuaji wa mifupa, pamoja na mkewe Lyn. Kazi ya namna hiyo yahitaji mikono ya mafundi kama hao.

Tusilidharau bamba la chuma, maana limeokoa mikono mingi. Lakini tusiuze shamba la kulisha watoto wote kwa ajili ya uvimbe mdogo begani, ambao kwa kijana hupungua wenyewe jinsi anavyokua.