Terentius, Mwafrika aliyewachekesha Warumi

Desemba 4, 2023 ilitimia miaka 60 tangu Mtaguso wa Pili wa Vatikano uruhusu lugha za wenyeji kwenye ibada. Mijadala ya Mtaguso huo, aliohudhuria Kardinali Laurean Rugambwa, iliendeshwa kwa Kilatini. Tangu Papa Fransisko aibane Misa ya zamani ya Kilatini mwaka 2021, mtu akitaja Kilatini mazungumzo huishia altareni. Tunasahau kwamba ndiyo lugha ya vichekesho vya Publius Terentius Afer, mtu wa bara letu.

Mwandishi Suetonius anasema Terentius alizaliwa Karthago, Tunisia ya leo, akawa mtumwa wa seneta mmoja wa Roma. Bwana wake alimsomesha, kisha akamwacha huru kwa ajili ya kipaji chake. Aliandika tamthilia sita kati ya mwaka 166 na 160 KK, na zote zipo hadi leo.

Iliyomtesa ni Hecyra, yaani Mama Mkwe. Mke kijana amerudi kwao, na kila mtu anamsukumia lawama mama wa mume, Sostrata, asiye na kosa lolote. Mwaka 165 KK igizo lilipoanza, zikaenea habari za mabondia na mtu wa kutembea juu ya kamba. Kelele zikawa nyingi, waigizaji wakaacha. Mwaka 160 KK wakajaribu tena, kwenye michezo ya mazishi ya jemadari Aemilius Paullus. Ukaenea uvumi kwamba wapiganaji wa upanga wanakuja, umati ukavamia kugombea nafasi. Anayeishi Mtaa wa Msimbazi, Dar es Salaam, anaelewa: siku ya Simba na Yanga, nani atatulia asikilize igizo? Mwaka huohuo, mara ya tatu, mwigizaji mzee Ambivius Turpio alisimama mbele akawaomba watu utulivu. Wakamsikiliza, na Sostrata akachezwa hadi mwisho.

Kanuni ya 249 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inataka waseminari wetu wakielewe Kilatini vizuri. Basi walimu wao wampe Terentius walau muhula mmoja. Mwalimu Nyerere alitupa Kaizari wa Shakespeare kwa Kiswahili mwaka 1963. Mama Mkwe naye atafsiriwe moja kwa moja kutoka Kilatini, achezwe ukumbi wa Arnautoglu, pale Mnazi Mmoja.