Hina Kabla ya Dawa

Mwaka nilioacha chuo ndio mwaka nywele zangu zilianza kukatika. Karo ilikuwa imenishinda, lakini sikumwambia mtu. Badala yake nilienda saluni nikatiwa dawa ya kulainisha, na wiki mbili baadaye nikarudi kutiwa rangi ya dhahabu. Nilitaka kufanana na mtu ambaye mambo yake yako sawa. Kufikia Disemba, kila nikipitisha chanuo, nusu ya nywele zinabaki kwenye chanuo.

Nikafunga safari hadi Mombasa, Kibokoni, kwa nyanya. Alinivua kitambaa, akanyamaza kidogo.

"Hiki kichwa wamekifanyani?" Kisha akasema, "Keti hapa, mjukuu wangu," akatoa kopo la unga wa kijani.

Mimi nilidhani hina ni ya bi harusi tu, ya mikono na miguu. Kumbe kichwani ina historia ndefu. Mapokeo ya Kiislamu yanasimulia kwamba Makka ilipofunguliwa mwaka 630, mzee Abu Quhafa, babake Abu Bakr, aliletwa mbele ya Mtume nywele zake zikiwa nyeupe pe. Mtume akaagiza zibadilishwe rangi, ila nyeusi iepukwe. Ndiyo maana hadi leo, ukipita Eastleigh au Mji wa Kale, unakutana na wazee wenye ndevu za rangi ya chungwa. Si mtindo wa jana.

Lakini historia ya hina huku kwetu haina utamu mtupu. Binti wa Sultani wa Zanzibar, Sayyida Salme, aliyechapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, anaeleza jinsi wanawake wa kasri walivyopakwa hina kujiandaa kwa sikukuu. Ukisoma, usiwasahau wajakazi waliokuwa watumwa katika nyumba hizo. Hina haijipaki yenyewe. Kuna aliyeketi akisubiri ikauke, na kuna aliyesimama akimhudumia. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, na huku pwani ya Kenya mwaka 1907. Baada ya hapo wanawake waliokuwa watumwa wakaanza kujipamba watakavyo, wakavaa kanga, wakajifunika vichwa kama waungwana. Urembo tunaouita upuuzi, kwao ulikuwa njia ya kusema: mimi sasa ni mtu wangu mwenyewe.

Mwaka huohuo wa 1907, kule Paris, mwanakemia Eugène Schueller alikuwa akitengeneza rangi ya nywele ya kiwandani. Rangi za aina hiyo zilikuja kuenea dunia nzima, na nyingi zina kemikali iitwayo PPD. Kemikali hiyohiyo ndiyo watu wengine huchanganya kwenye ile "hina nyeusi" inayokolea kwa saa moja tu, na ndiyo inayowatoa wengine malengelenge. Hina halisi haiwi nyeusi. Ukiambiwa ni hina na ni nyeusi ti, uliza imetiwa nini.

Nyanya aliukoroga unga kwa maji ya uvuguvugu na ndimu, akaufunika, tukalala. Ndimu husaidia jani liachie rangi yake polepole. Asubuhi akanipaka fungu kwa fungu, kuanzia kwenye mizizi, akanifunga mfuko wa plastiki na leso juu. Saa nne nzima nilikaa na kichwa kizito, kinanuka kama nyasi zilizolowa.

Tusidanganyane: hina haifufui nywele zilizokufa. Rangi yake hushikamana na protini ya unywele na kuuimarisha, basi. Zilizokatika zimekatika. Tena hina huweza kukausha, kwa hiyo baada ya kuosha lazima mafuta ya nazi. Na kama kichwa kina dawa za saluni, jaribu kwanza kifungu kidogo cha nywele, tena kwa unga usiochanganywa na kitu.

Zile ncha za dhahabu zilitoka na rangi ya karoti, nikataka kulia. Nyanya akacheka. "Ngoja siku mbili." Kweli, hewa iliitia giza, ikawa kama kahawia iliyoiva. Kwenye mizizi, palipo nywele zangu nyeusi, uwekundu unaonekana juani tu.

Siku ya pili ilikuwa zamu yake. Nikampaka mvi zake, na wakati wa kumwosha, akiwa ameinamia beseni, macho kayafumba, akauliza, "Na chuo je?"

Nikamwambia yote, karo, barua, aibu. Hakuinua kichwa.

"Maji zaidi," akasema. "Halafu uende ukamwambie mamako."