Hofu ya Maharamia Katika Pwani ya Ruvuma: Historia na Hukumu

Katika Surat al-Kahf tunasomeshwa kisa cha masikini waliokuwa wakifanya kazi baharini, ambao jahazi lao lilitobolewa na al-Khidhr (A.S.) ili lisitamaniwe na mfalme aliyekuwa akipora kila jahazi. Wafasiri wametoa mafunzo mengi katika kisa hiki. Sisi tunataka kusimama kwenye jambo moja tu, nalo ni hofu ya mtu wa bahari kwamba chombo chake, ambacho ndiyo riziki ya watoto wake, kitachukuliwa kwa nguvu na asiye na haki nacho. Wazee wetu wa Mikindani, Sudi, Msimbati na mlango wa Ruvuma waliijua hofu hiyo.

Tangu miaka ya 1790 hadi yapata mwaka 1820, wavamizi kutoka Madagaska, nchi ambayo wazee wetu waliiita Bukini, walivuka bahari kwa mamia ya ngalawa. Wengi wao walikuwa Wasakalava na Wabetsimisaraka. Walianza na visiwa vya Ngazija. Watu wa Mutsamudu walijikinga kwa ukuta na ngome, na huko Iconi hadi leo wanakumbukwa wanawake waliojitupa kutoka jabalini mwaka 1805 kuliko kuingia mikononi mwa wavamizi. Kisha zikafuata Ibo na visiwa vya Kerimba, kusini ya Rasi ya Delgado. Yapata mwaka 1817 wakafika Mafia, na mji wa Kua katika kisiwa cha Juani ukateketezwa na watu wake wakachukuliwa. Magofu yake, pamoja na misikiti yake, yangalipo.

Ndugu msomaji, tazama ramani. Mlango wa Ruvuma uko katikati, baina ya Kerimba na Mafia. Kwa hiyo kila nyumba ya mfanyabiashara katika pwani hii, iliyopakia pembe, sandarusi, nta au mtama kwenda Kilwa na Unguja, ilikuwa na sababu ya kutazama upeo wa bahari kwa wasiwasi. Mwenye chombo aliogopea mali, na mama aliogopea mwana.

Fiqhi yetu haikuiacha familia kama hiyo bila mwongozo. Maulamaa wa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya watu wa pwani yetu, wameeleza mambo haya:

Kwanza, anayefanya biashara kwa mtaji wa mwenziwe, yaani mudharaba, hasafiri nao bila ya idhini. Imam an-Nawawi ameliweka hilo katika Minhaj, na wanazuoni wakaongeza kuwa safari ya bahari inahitaji kutajwa waziwazi. Imepokewa kuwa sahaba Hakim bin Hizam (R.A.) alipotoa mali yake kwa mudharaba alishurutisha isipelekwe baharini, na kwamba atakayekiuka atailipa.

Pili, akisafiri kwa idhini kisha maharamia wakapora, yeye ni mwenye kuaminiwa. Halipi, isipokuwa amezembea au amevuka mipaka aliyowekewa. Hasara ni ya mwenye mtaji, na taabu iliyopotea ni ya mtendaji. Hivyo mjane aliyetoa akiba yake hawezi kumdai yatima wa nahodha aliyeuawa.

Tatu, mali iliyoporwa na adui haiwi milki yake. Ikionekana baadaye, hata mikononi mwa mnunuzi, mwenyewe ana haki ya kuirudisha. Hoja ya Imam Shafi ni hadithi ya ngamia wa Mtume (S.A.W.) aitwaye al-Adhbaa, aliyetekwa kisha akarudishwa na mwanamke wa Kiansari, akabaki kuwa ni wa Mtume. Imam Abu Hanifa ana rai nyingine katika suala hili.

Nne, kukata njia ni kosa lile lile, baharini kama nchi kavu. Asili yake ni aya ya 33 ya Surat al-Maida.

Mpaka hapa kila mmoja wetu ataridhika, kwa sababu sisi ndio tuliodhulumiwa. Lakini historia inayosomwa nusu haifundishi kitu. Tujiulize: mateka wa Ngazija na wa Kua walipelekwa wapi? Baadhi yao waliuzwa kwa Wafaransa waliohitaji watu wa kulima mashamba yao katika visiwa vya Île de France, ambayo leo ni Morisi, na Bourbon, ambayo leo ni Réunion. Na soko hilo halikuwa geni kwa pwani yetu. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka, kwa piasta 20 kila mmoja. Watu hao walitoka bara, katika nchi za Wayao, Wamakonde na majirani zao hadi Ziwa Nyasa.

Basi mama wa pwani aliyeogopa ngalawa za Bukini na mama wa bondeni Ruvuma aliyeogopa msafara waliogopa jambo moja. Watoto wao wangeweza kukutana katika shamba moja la miwa.

Wako watakaosema kuwa sharia ilikuwa na hukumu za utumwa. Ni kweli, lakini hukumu hizo zilimhusu mateka wa vita vya halali. Hazikumhusu mtoto aliyeibwa njiani au kuuzwa wakati wa njaa. Asili ya mwanadamu ni kuwa huru. Katika hadithi al-Qudsi iliyopokewa na Imam al-Bukhari, mwenye kumuuza mtu huru na kula thamani yake ni mmoja wa watatu ambao Mwenyezi Mungu Mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama. Hukumu hiyo ilisomwa katika pwani hii kabla ya mkataba wa 1822, uliomkataza Sayyid Said kuwauzia Wakristo tu, na kabla ya ule wa 1873 uliofunga masoko ya Unguja. Ilikuwamo vitabuni mwetu, na wengi wa wafanyabiashara wetu hawakuifuata.

Tatizo la bahari halijaisha. Oktoba 2011 maharamia waliishambulia meli ya kutafuta mafuta katika bahari ya kusini mwa Tanzania, na saba wakakamatwa. Na tangu 2017 watu wa Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, wameuawa na kukimbizwa na watu wanaotumia jina la dini yetu. Khatibu anayesimama Mikindani kulaani uporaji na asimame na mizani iliyokamilika. Akitaja Kua, ataje na misafara. Dhulma haibadiliki kuwa halali kwa sababu aliyeifanya ni babu yetu.

Wallahu a'lam.